Nani Atautengeneza Mtaa wa Mango?



Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 iliwahesabu Walatino milioni 35. Ya mwaka 2020 ikawakuta milioni 62, karibu mtu mmoja katika kila watano. Sisi tuishio huku twawajua hata bila sensa: ndio tunaopokezana nao zamu za usiku, ndio tunaopanga nao jengo moja. Lakini idadi haisemi watu wanaishije. Ndiyo maana tumekirudia kitabu cha Sandra Cisneros, The House on Mango Street, kilichotoka mwaka 1984.

Msimulizi ni binti wa Chicago, Esperanza, jina ambalo kwa Kihispania maana yake ni tumaini. Wazazi walikuwa wakimsimulia nyumba kubwa. Wamepata kijumba chekundu chenye matofali yanayobomoka. Ni chao, hawalipi kodi, lakini binti anakionea haya.

Uzuri wa kitabu ni kuuonyesha umaskini bila kuhubiri. Baba anatunza bustani za matajiri wa kilimani, na Jumapili familia huenda kuzitazama nyumba hizo, hadi Esperanza anachoka kwenda. Mama ni mwerevu, lakini aliacha shule kwa aibu ya kukosa nguo nzuri. Jirani yao Alicia hupanda treni mbili na basi kwenda chuo kikuu, na alfajiri huamka kutengeneza tortilla kwa kuwa mama yake amefariki. Hapo tuliwaona dada zetu.

Tunalo la kulaumu. Katika kitabu hiki, kufanikiwa ni kuondoka. Esperanza asema hatarudi mpaka mtu autengeneze mtaa. Swali la nani atautengeneza linaishia kwenye kicheko juu ya meya. Kumbe jibu limekaa naye pale ngazini: ni Alicia, aliyepewa kurasa chache tu.

Miaka imemtetea Alicia. Mwaka 2000 zaidi ya robo ya vijana wa Kilatino walikuwa nje ya shule bila cheti cha sekondari. Kufikia 2019 hawakufika mmoja kwa kumi. Karibu nusu ya kaya zao zinamiliki nyumba, ingawa kwa Wazungu ni karibu robo tatu. Safari haijaisha, lakini hiyo ni kazi ya akina Alicia wengi, wala si ya Esperanza mmoja.

Nasi tuliaga nyumbani kwa ahadi ya kurudi. Huwa tunamsifu aliyetoka, tukamsahau aliyebaki akisoma huku analea wadogo zake. Kitabu ni chembamba na Kiingereza chake ni chepesi. Kisomeni pamoja na watoto, kisha muwaulize wangependa kuwa nani kati ya mabinti hao wawili.