Git si GitHub

Vijana wanaojifunza programu hapa kambini husema "kazi yangu iko GitHub" kama mtu aliyeweka pesa benki. Mimi nabishana nao kila mara. Git ni kitu kimoja, GitHub ni kingine, na kwa watu wa hali yetu tofauti hiyo si ndogo.

Git ni programu ya kutunza historia ya kazi: nani alibadilisha mstari upi, lini, kwa nini. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya kampuni iliyokuwa ikiwapa watengenezaji wa Linux chombo chake, BitKeeper, bila malipo kuwaondolea ruhusa hiyo. Yaani ilizaliwa na watu waliotolewa nyumbani kwa mtu. Kila mwenye nakala anabeba historia nzima, si kipande. Kwa Subversion, iliyoitangulia, historia inakaa kwenye seva moja. Mtandao ukikatika huwezi hata kuhifadhi hatua mpya.

Na huku kwetu unakatika, jamani, na kompyuta moja inagombewa na watu sita. Git haijali. Ina amri iitwayo bundle (ndiyo, neno lile lile tulilolifanya bando) inayofunga historia yote katika faili moja. Unaitia kwenye flashi, mwenzako wa bloku ya pili anaendelea ulipoishia. Kozi zote nilizozihudhuria huku hazikuligusa hilo. Zinaanza na kufungua akaunti.

GitHub ni nyumba ya kupanga, tena nzuri. Ndiko watu waliko, ndiko mwajiri anakochungulia. Lakini tangu 2018 mwenye nyumba ni Microsoft, naye anafuata sheria za Marekani. Mwaka 2019 watumiaji wa Iran, Syria na Crimea walifungiwa hazina zao za binafsi kwa sababu ya vikwazo. Hawakukosa lolote ila mahali walipokuwa. Iran ilifunguliwa 2021. Bitbucket nayo, iliyoanza kwa kuhifadhi kazi za Mercurial, iliiacha Mercurial 2020. Aliyekuwa na nakala yake alihama nayo.

Halafu kuna uthibitisho wa hatua mbili, ambao GitHub ilianza kuwadai wachangiaji 2023. Sipingi. Ila kama laini ya simu si ya jina lako, usitegemee SMS. Tumia programu ya namba za muda, haihitaji mtandao, na zile namba za akiba ziandike daftarini.

GitLab unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe, lakini ni nzito, itameza kompyuta yote. Forgejo ni nyepesi, hata Raspberry Pi inaiweza, na darasa zima linaitumia kwa Wi-Fi ya chumbani bila kununua bando. Ndiyo inayoendesha Codeberg, jukwaa la chama kisicho cha faida huko Berlin.

Ndugu zetu wa mashirika, mkileta tena kompyuta, ongezeni Raspberry Pi moja na flashi kumi. Akaunti tutafungua baadaye.