Siti ya Safari Ndefu

Siti ya pikipiki itokayo kiwandani hukatwa kwa kipimo kimoja kwa watu wote. Kijana huvumilia kasoro zake. Aliyevuka miaka 60 hawezi: nyama ya makalio imepungua, magoti hayataki tena kukunjwa kwa muda mrefu, na damu ikibanwa mahali pamoja ganzi huingia upesi. Hata hivyo wazee wanasafiri. Ted Simon, mwandishi wa Uingereza aliyeizunguka dunia kwa Triumph ya cc 500 kati ya 1973 na 1977, alianza mzunguko wa pili mwaka 2001 akiwa na miaka 69, safari hiyo kwa BMW R80GS. Huko Marekani, chama cha waendesha pikipiki cha Iron Butt Association huwatambua wanaomaliza maili 1,000, takriban kilomita 1,600, ndani ya saa 24, na wenye mvi si wachache miongoni mwao. Mwili wa umri huo unamhitaji fundi siti, na ufundi wake unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Wengi hudanganywa na ulaini. Sponji laini hupendeza dukani kwa dakika kumi. Baada ya saa mbili barabarani imekwisha kushindiliwa, na mifupa ya makalio inakalia plastiki ya chini. Fundi mzuri huchagua sponji ngumu zaidi, kisha hupanua eneo la kukalia ili uzito ugawanyike hadi mapajani. Siti za Russell Day-Long za California zimejengwa kwa kanuni hiyo, zikiwa na mbawa pana pande zote mbili. Lakini upana ukizidi kwa mbele, mapaja hutanuka na miguu haifiki chini pikipiki inaposimama, jambo la hatari kwa mzee mwenye mashine ya kilo 250.

Kazi yenyewe huanza kabla ya kisu. Mteja hupanda pikipiki akiwa na mavazi yake ya safari, miguu kwenye vikanyagio, mikono kwenye usukani, huku msaidizi ameishikilia isimame wima. Fundi hupitisha kiganja chini ya paja, hutambua uzito ulipolalia, kisha huweka alama za chaki. Hung'oa pini za stepla kwa bisibisi, huvua kava na kuanza kuchonga, kidogo kidogo, maana sponji iliyoondolewa hairudi ila kwa gundi, na mstari wa gundi hukakamaa hata mwili ukauhisi. Mteja hupandishwa tena na tena juu ya sponji tupu. Kinachotazamwa zaidi ni mwinamo. Siti nyingi huteremka kuelekea tangi, na mwendeshaji hushinda akijisukuma nyuma kwa mikono hadi mabega yaume. Mwinamo huo ukisawazishwa, hata kwa sentimita moja, maumivu ambayo mzee aliyadhani ni ya uzee huweza kuondoka. Ni kazi njema kweli.

Kava nalo lina mambo yake. Mshono ukipita chini ya mifupa ya makalio huumiza, na matundu ya sindano huingiza mvua kwenye sponji. Mafundi makini huuhamishia pembeni na kutandaza nailoni chini. Baadhi ya wasafiri huongeza juu yake ngozi ya kondoo, ambayo manyoya yake hupitisha hewa na kupunguza jasho.

Pikipiki nzima huangaliwa pia. Usukani ukiinuliwa na kusogezwa nyuma kidogo, mgongo husimama. Vikanyagio vikishushwa, goti hupata nafasi. Kelele ya upepo ndani ya helmeti huchosha na kuharibu masikio, hivyo vizibo vya masikio vinafaa sana. Kushuka mara kwa mara kunyoosha miguu na kunywa maji ni lazima, kwa kuwa kiu ya mzee huchelewa kumwarifu.

Sponji mpya hulegea kidogo katika kilomita mia chache za kwanza. Kwa hiyo fundi anayejua kazi humwambia mteja arudi baada ya kilomita hizo; panapouma hupigwa chaki, huchongwa upya, na kava hurudishwa.