Uso Uliomezwa na Wino

Kuna aina ya picha ambayo siku hizi haikosi kwenye maonyesho ya wanafunzi wa sanaa na usanifu jijini Nairobi. Imechapishwa kwa ukubwa wa A3. Nyuma yake panapendeza: machweo ya rangi ya chungwa, matatu yenye michoro, au ukuta wa mabati uliokolezwa hadi kutu inang'aa kama dhahabu. Mbele amesimama mtu. Na pale ambapo uso wa mtu huyo ulipaswa kuwa, pana doa jeusi lenye macho mawili na meno. Muulize mwenye kazi, atakwambia, "Lakini kwa simu inaonekana poa sana." Na hadanganyi. Kwa simu inaonekana poa.

Nimetazama kazi nyingi za namna hii, na nimeanza kuamini kwamba huo uso uliopotea ndio jambo la kwanza tunalopaswa kulizungumzia tunapozihakiki. Mara nyingi uhakiki wetu huishia kwenye wazo: ati mwanafunzi amegusia utambulisho, ameliangazia jiji, ameuliza maswali kuhusu uhamaji. Sawa. Ila picha iliyochapishwa ni kitu cha kushikika, kina wino na kina karatasi. Kama kazi inadai kumrudishia mama mboga wa Gikomba heshima yake, na mama mwenyewe haonekani sura, basi hilo dai limebaki kwenye maelezo yaliyobandikwa kando ya picha.

Tuondoe kwanza lawama moja ya zamani. Wapo bado wanaosema kuhariri picha, au kuediti kama tunavyosema mtaani, ni kudanganya. Hao historia haiko upande wao. Mwaka wa 1857, nchini Uingereza, Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 kutengeneza picha moja tu, The Two Ways of Life. Hapa kwetu, Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa na studio ambamo alikata, akabandika na kuunganisha picha kadhaa ziwe moja, miaka mingi kabla ya toleo la kwanza la Photoshop kuuzwa mwaka wa 1990. Na wapiga picha wa kivuko cha Likoni, waliojitokeza mwanzoni mwa miaka ya 1990, walijenga vibanda vya mapambo vyenye meli, ndege na majengo marefu ili abiria asimame mbele yake. Mteja alijua vizuri kwamba hajapanda ndege. Alitaka picha ya pale anapotamani kufika, akaipata, akamtumia mama nyumbani.

Kwa hiyo kumuuliza mwanafunzi kama amebadilisha picha ni kupoteza muda. Muulize amebadilisha nini, na ni nani aliyefaidika na hayo mabadiliko.

Sasa, uso hupotelea wapi? Skrini hutoa mwanga wake yenyewe. Karatasi haina mwanga. Inaazima ule wa chumba na kuurudisha ukiwa umepungua. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mtambo hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kila wino ukimwagwa wote, asilimia 100, jumla ni 400, na karatasi ya kawaida haiwezi kubeba mzigo huo bila kulowa. Juu ya hayo, vitone vya wino hunenepa vikigusa karatasi, hasa ile isiyong'aa. Kilichokuwa kivuli cha wastani kinakuwa kivuli kizito, na kilichokuwa kizito kinakuwa shimo.

Ongeza hesabu hii. Katika picha ya kawaida ya JPEG, kila rangi ina ngazi 256, kutoka 0 ambayo ni giza totoro hadi 255. Mpige mtu mweusi akiwa amelipa dirisha kisogo saa sita mchana, kisha iachie simu iamue. Simu itaupima mwanga wa dirisha, na uso mzima unaweza kujikuta kati ya ngazi ya 20 na ya 60. Ngazi 40 pekee, na ndizo zibebe shavu, pua, kovu la utotoni na mikunjo ya kicheko! Kwenye skrini iliyoongezwa mwangaza, jicho linaweza kuzitenganisha. Mtambo wa kuchapa unazifunga furushi moja.

Mwanafunzi akiliona doa anafanya nini? Anavuta kile kitufe cha mwangaza, picha nzima. Uso unatokea, kweli, lakini sasa ni wa kijivu kama uliopakwa majivu. Akiona kijivu anaongeza rangi, uso unakuwa chungwa. Mwisho wa safari hiyo anakuwa amepata mtu mweupe kidogo kuliko yule aliyempiga picha, na kama humjui huyo mtu, huwezi kujua kwamba umepewa mwingine.

Hapo tumeshatoka kwenye ufundi. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa ya kawaida. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza jinsi malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao yalivyochangia kuisukuma Kodak iboreshe filamu zake zionyeshe tofauti za kahawia. Soma tena hapo: chokoleti na meza. Na Juni 1994, majarida mawili ya Marekani, Time na Newsweek, yalitoka na picha ileile ya polisi ya O. J. Simpson kwenye jalada. Newsweek iliiacha karibu ilivyo. Time ilimpa msanii, naye akaifanyia kazi hadi ngozi ikawa nyeusi zaidi na vivuli vikawa vizito. Msomaji aliyeyaona majarida hayo mawili kwenye meza moja ya magazeti hakuhitaji kufafanuliwa. Waliolalamika walisema giza limetumiwa kama ushahidi.

Mwanafunzi wetu hana nia kama hizo, najua. Lakini anayeng'arisha bila kufikiri na anayetia giza kwa makusudi wanakutana mahali pamoja: wote wanaichukulia ngozi kama alama ya kusogezwa juu au chini. Ngozi nyeusi kwenye karatasi haisomeki kwa kuwa nyepesi. Inasomeka kwa mng'ao wake, ule mstari wa mwanga juu ya paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, kwenye ncha ya pua, na kwa umbali uliopo kati ya mng'ao huo na kivuli kilicho chini ya kidevu. Kwa hiyo dawa ni ya mahali, si ya picha nzima. Fungua tabaka jipya, funika kila kitu isipokuwa uso, inua ngazi za katikati kidogo tu, na uache vivuli vibaki na uzito wake. Na kabla ya programu yoyote, shika karatasi nyeupe ya manila kando ya uso unapopiga, irudishe mwanga kwenye shavu. Kama kamera inakubali, hifadhi faili ghafi. Faili ya biti 14 ina ngazi 16,384 kwa kila rangi, na hapo giza lina kitu ndani yake cha kuchota.

Tukishika kipimo hicho, majaribio ya wanafunzi yanaanza kujipanga yenyewe.

Filta zilizotengenezwa tayari hazinichukulii muda. Zinafanya kila mji kuwa mji mmoja na kila saa kuwa saa kumi na mbili jioni. Mtu akifanya hivyo kwa burudani yake, ruksa. Kwa mradi wa muhula mzima, hapana.

Kupandanisha picha mbili kuna utamu zaidi, na hatari zaidi. Wengi hutumia ile njia ya kuzidisha tabaka, bila kujua kwamba inatia giza karibu kila inachokigusa: ngazi ya 128 ikizidishwa na nyingine ya 128 inaleta 64 hivi. Ukiiweka juu ya uso ambao tayari uko gizani, umeuzika. Kazi moja ninayoikumbuka kwa furaha ilikuwa na uso wa nyanya wa mwanafunzi uliopandanishwa na ramani ya shamba. Mwanafunzi aliigeuza ramani, mistari myeusi ikawa myeupe, kisha akaiweka kwa njia ile nyingine, inayoongeza mwanga badala ya kuula. Mipaka ya shamba ikapita ndani ya mikunjo ya shavu. Huwezi kujua mara moja upi ni mkunjo na upi ni mpaka, na macho ya bibi yanakutazama kana kwamba yanakungoja ujibu. Sikuhitaji kusoma maelezo ya kando nijue kwamba kuna kesi ya ardhi humo ndani.

Vitone ni jaribio ninalotamani wengi walijaribu. Picha inavunjwa kuwa vitone vikubwa vya rangi moja, kama magazeti yalivyofanya tangu karne ya 19. Maelezo madogo yanapotea, lakini yanapotea mbele ya macho yako, na kilichobaki kimechaguliwa. Uzuri wake mwingine ni kwamba vitone vinavumilia mashine duni. Hata fotokopi ya saiba inaweza kuvitoa vizuri. Mwanafunzi asiye na pesa za karatasi ya bei hapo ana lugha, na wala haonekani kuomba msamaha.

Kutumia wino wa rangi mbili, tuseme mweusi na wa kahawia iliyokolea, ni kazi ya subira. Ule wa kahawia unabeba ngozi, ule mweusi unabeba vivuli tu. Matokeo yake huwa na kina ambacho rangi nne zilizorundikwa mara nyingi hazikifikii. Ila hapa mwanafunzi lazima azungumze na mchapishaji mapema, kwa sababu mashine nyingi za kidijitali huigiza tu hizo rangi mbili kwa kuchanganya nne.

Kuna wanaonijibu kwamba ninabana ubunifu, kwamba nyakati nyingine uso uliopotea ndio maana yenyewe. Nakubali inawezekana. Wangechi Mutu amejenga sura kwa kukata vipande vya majarida na kuvibandika juu ya michoro ya zamani ya kitabibu, na hakuna anayeondoka akidhani jicho limekaa pale kwa bahati. Osborne Macharia, aliyesomea usanifu wa majengo kabla ya kuingia kwenye upigaji picha, alibuni katika Nyanye kundi la mabibi waliokuwa wakubwa serikalini na kwenye makampuni miaka ya 1970, na sasa wanakula maisha ya kustaafu kwa mbwembwe. Hadithi ni ya kubuni, rangi zimekolezwa kupita kawaida, lakini ngozi za hao mabibi zimepewa mwanga kwa uangalifu hadi kila mkunjo unahesabika. Wote wawili wamebadilisha sana. Hakuna aliyepoteza uso bila kutaka.

Na hapo ndipo lawama zangu zinahama kutoka kwa mwanafunzi. Tunavyosahihisha kazi hizi kunachangia. Ukimpa mtu alama kwa idadi ya mbinu alizotumia, atakuletea mbinu kumi kwenye picha moja. Ukiangalia kazi yake kwenye kompyuta muhula wote, ukaiona karatasi siku ya mwisho tu, umemfundisha kwamba karatasi ni risiti. Matokeo yake ni ile foleni ya usiku kwenye maduka ya kuchapisha mitaa ya River Road, kila mtu na flashi yake. Nayo A3 kwa pikseli 300 kwa inchi inataka faili ya pikseli 3508 kwa 4961. Picha yenye pikseli 1600 upande mrefu ikitandazwa hapo inabaki na kama 97 kwa inchi. Mwenye duka hatakwambia. Yeye anachapa alicholetewa.

Ningependa kila mradi uje na karatasi moja ya ziada: vipande vya majaribio vya uso uleule, vitano au sita kwenye A4 moja, kila kimoja kimeinuliwa ngazi tofauti, na alama ya kalamu kwenye kile kilichochaguliwa. Gharama yake ni ya karatasi moja. Karatasi hiyo ingemwonyesha mwalimu mwanafunzi alitafuta nini, na ingempa mwanafunzi nafasi ya kukosea kabla ya kuchapa ile kubwa. Mimi binafsi ningeibandika ukutani pamoja na kazi yenyewe. Kuna miradi ambayo hizo nyuso sita ndogo, kutoka iliyozama kabisa hadi iliyopauka, zingekuwa ndiyo picha bora ya maonyesho yote.