Kijiko Kimoja, Lita Ishirini

Kuna wakati walimu wa hesabu wa Goma, mashariki mwa Kongo, waliletewa somo hadi mlangoni. Baada ya Ebola kutangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, mabidoni ya kunawia mikono yalisambaa makanisani, madukani na shuleni, maji yakinuka klorini. Wengi walinawa wakapita. Mwalimu mwenye jicho aliona swali.

Maji ya mikono yanatakiwa yawe na klorini asilimia 0.05. Bidoni ni la lita 20. Chembechembe zilizopo zina klorini asilimia 70. Zitiwe gramu ngapi? Mwanafunzi wa darasa la saba anageuza lita 20 kuwa gramu 20,000, anapata klorini gramu 10, anafunga daftari. Mwalimu aliyeiva hamwambii amekosea. Anamuuliza zile asilimia 30 nyingine ni nini. Daftari linafunguliwa, 10 inagawanywa kwa 0.7, inatoka 14 na ushee. Kisha mtoto anatumwa langoni akamtazame anayechanganya maji: anatia kijiko kimoja cha mezani, gramu 15 hivi. Ubao na kijiko vimepatana. Maji ya kusafishia sakafu ni asilimia 0.5: nukta ikiteleza nafasi moja, mtu ananawa kwa maji ya sakafu. Mtoto aliyelifikia hilo hagombezwi tena kuhusu nukta.

Tarehe 14 Julai 2019 Goma yenyewe ilithibitisha mgonjwa wa kwanza, mchungaji aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Waliokutana naye walipaswa kufuatiliwa siku 21. Aliyemgusa siku hiyo angemaliza lini? Julai ina siku 31, basi ni tarehe 4 Agosti.

Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa 3,470 na waliofariki 2,287: karibu theluthi mbili. Sehemu ambayo kwa kawaida hufundishwa kwa kugawa machungwa ilikuwa imebeba majirani. Mwalimu mwenye adabu huiandika taratibu, wala hamwiti ubaoni mtoto aliyefiwa.

Siku Ebola ilipotangazwa kwisha, madarasa yalikuwa matupu. COVID-19 ilikuwa imefunga shule nchi nzima tangu Machi. Yalipofunguliwa, zikaja mbio za kumaliza mtaala, na treni za kitabuni zikarudi: mbili zinaondoka vituo tofauti, zitapishana saa ngapi? Swali hilo linanakiliwa katika mji usio na reli. Watoto wanalijibu kwa kanuni waliyokariri, wanapewa alama, wanasahau.

Mwaka 2024 mpox ilifika katika kambi za waliokimbia vita pembezoni mwa Goma, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likaitangaza dharura ya kimataifa. Waliokutana na mgonjwa wa mpox nao hufuatiliwa siku 21. Hesabu ya 2019 ingefaa ilivyo. Ni tarehe tu ya kubadilisha. Lakini maswali ya namna hii huandikwa kwa chaki na kufutwa kipindi kinapokwisha, na vita vimewatawanya walimu na wanafunzi. Mwalimu kijana anayeanza kazi leo hana pa kuyasoma. Anakabidhiwa kitabu, na ndani yake treni zilezile.