Kiti cha Dereva Kilikuwa Wazi

Mwaka 2016 Aml Ameen, aliyecheza dereva Capheus, alipoachana na mfululizo wa Sense8, usukani wa matatu yake, Van Damn, ulibaki bila mtu, na aliyestahili kuushika alikuwa tayari ndani ya matatu ile ile. Ni Paul Ogola, aliyecheza Jela, rafiki na mshirika wa Capheus. Watayarishaji wakamruka wakamleta Toby Onwumere, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Walikosea, na sidai hivyo kwa uzalendo. Nadai kwa ufundi.

Rudieni sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza, wa 2015. Wezi wamevamia matatu, dawa za mama yake Capheus zimekwenda, Capheus anawafuata, na Sun, mpiganaji aliyeunganishwa naye kiakili, anauingia mwili wake. Tukio hili ni la kupigana, lakini moyo wake ni kichekesho: dereva wa Kibera aliyeujua ugomvi kupitia filamu za Van Damme tu anajikuta akivunja watu mbavu. Hapo mwili hutangulia na uso hufuata. Ngumi itoke, itue, ndipo mwenye ngumi ashangae. Akishangaa mapema, mzaha umekufa; akichelewa mno, tunaona mpiganaji tu. Nafasi hiyo nyembamba hufundishwa jukwaani, pale mchekeshaji anapojifunza kuanguka mbele ya watu wanaongoja kucheka, bila kamera ya kumficha. Ameen ana uso mchangamfu na viungo vyepesi, ila anapiga na kushangaa kwa pamoja. Kijana yeyote aliyekulia kwenye vibanda vya video vya Kawangware angeliona kosa hilo.

Sasa mtazameni Jela katika matukio yao ya matatu. Ogola hulichelewesha neno kidogo, kisha hulimaliza kwa bega. Mzaha wa wawili hao hutoka kwake, na Capheus huupokea tu. Kwa hiyo kiti kilipokuwa wazi, anayeubeba mzaha aliachwa pembeni na mgeni akapewa kazi ya kuujifunza upya.

Wala wasiseme hawakumjua. Matukio ya Nairobi yaliongozwa na Tom Tykwer, ambaye pamoja na Marie Steinmann alianzisha One Fine Day Films, kampuni iliyotuletea Nairobi Half Life mwaka 2012. Ogola alikuwamo, akicheza Mose wa genge la Oti. Mwaka ule ule wa 2016 alikuwa Mikey katika Kati Kati ya Mbithi Masya, filamu iliyotoka Toronto na tuzo ya wakosoaji.

Najua nitakachojibiwa, kwamba lafudhi ya kuazima si kosa: Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, na taifa zima lilimpenda kwa lafudhi ya Kijaluo. Kweli. Lakini lafudhi hiyo Wanjau aliijaza mwendo, macho na namna ya kumgeukia mwenzake Mama Kayai kabla ya kujibu. Alipoingia mlangoni ulishacheka, hajasema kitu. Capheus wa Ameen na wa Onwumere wana lafudhi ya Afrika isiyo na mtaa. Haijapanda matatu namba 8 wala 46.

Na si kwamba kumpa Mkenya jukumu kuu haiwezekani. The First Grader, mwaka 2010, ilimkabidhi Oliver Litondo jukumu la Kimani Maruge, na filamu nzima ikasimama juu ya mabega ya mzee huyo. Hakuna aliyelalamika kwamba dunia haimjui. Tangu The Constant Gardener ya 2005 Kibera imekopesha paa zake za mabati, vichochoro na umati wake, lakini majina ya juu kwenye bango huja na ndege. Hata katika Sense8 Peter King Mwania alipewa Kabaka, jambazi, na akalifanya jukumu lionekane kubwa kuliko lilivyoandikwa.

Msimu wa pili, wa 2017, uliongeza deni. Capheus anagombea uongozi, yaani anatakiwa kusimama mbele ya watu wa mtaa wake na kuwashika kwa sauti. Onwumere ni mwigizaji mzuri, mtulivu, mwenye macho ya huruma. Anahutubia vizuri kama mgeni rasmi. Mumbi Maina, ndiye Zakia, anambeba anapoweza. Na kila Jela anaposimama kando yake, jicho linamwacha mgombea na kumfuata mpambe.