Kompyuta Ipi Iliyo Rahisi?

Desemba moja wajukuu wangu wawili waliniletea ugomvi wao hapa Ifakara. Mmoja anasoma uhasibu, mwingine anatengeneza programu za kompyuta. Yule wa kwanza anashikilia kwamba hakuna mfumo endeshi ulio rahisi kuliko Windows. Wa pili anaapa kwa Ubuntu, na kila akiiona mashine ya nduguye huguna kama mtu aliyeuziwa mchele wenye chuya. Wakaniomba Babu niamue. Nadhani walitegemea niseme sijui, tucheke, tule. Lakini mimi nimesahihisha madaftari ya watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwalimu hakatai kusahihisha. Niliwaambia wanipe muda. Majibu yangu ni haya, ndugu msomaji, na kama huna kompyuta usiziruke kurasa hizi, maana hata simu iliyo mfukoni mwako imo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mfumo endeshi ni ile programu ya msingi inayoiendesha mashine, ikakuonyesha vitu vyako, ikapokea amri zako na kuzipeleka panapohusika. Hakuna mtu anayewasha kompyuta kwa ajili ya mfumo endeshi. Anataka kuandika barua, kupiga hesabu za mpunga, au kutazama picha za harusi. Sisi wa bonde la Kilombero tunalielewa jambo hili bila shida. Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa rasmi mwaka 2018, tulizoea kwamba mtu wa kwenda Mahenge anavuka mto kwa kivuko. Hakuna aliyekwenda pale kukitazama kivuko. Alitaka kufika ng'ambo. Kilipoharibika au mto ulipofurika, ndipo watu walipokizungumzia kutwa nzima. Siku hizi hupita juu ya daraja wakiongea habari za mavuno. Basi mfumo endeshi bora ungekuwa ule usiozungumzwa kabisa, na huko kugombana kwa wajukuu wangu ni ushahidi kwamba katika kompyuta bado tuko kivukoni.

Rika langu tulichelewa. Mwaka 1974, nilipokuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu si zamani, serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Mitihani tuliichapa kwa taipureta juu ya stensili, kisha tukaizungusha kwenye mashine ya kurudufu mpaka mikono ikawa myeusi. Nilipoiona kompyuta kwa macho yangu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa ikitumia mfumo uitwao DOS. Kioo cheusi, herufi C, na kijistari kinachopepesa. Basi. Hakikusema karibu, hakikusema unataka nini. Ukikosea herufi moja kinakujibu kwa Kiingereza kwamba amri yako ni mbaya, kisha kinanyamaza tena kukungojea ukosee nyingine. Nimewajua walimu wa namna hiyo. Wengi wao walijiona hodari sana.

Hata hivyo sitaki kuionea DOS. Karani niliyemkuta pale alikuwa ameziandika amri kumi kwenye kipande cha karatasi akakibandika ukutani, na kwa amri hizo kumi alifanya kazi miaka na miaka bila mtu kumbadilishia hata moja. Neno hili la kutobadilika nitalirudia.

Kisha yakaja madirisha. Wazo la kuonyesha vitu kwa picha na kuvigusa kwa kipanya halikuanzia Microsoft. Lilifanyiwa kazi katika maabara ya Xerox kule California miaka ya 1970, Apple wakalipeleka sokoni kwa wingi na Macintosh yao mwaka 1984, na kwetu likafika hasa kwa Windows ya mwaka 1995 na zilizofuata. (Macintosh sijaitumia, kwa sababu ya bei, kwa hiyo siisahihishi.) Faida ya picha hizo mwalimu yeyote anaijua. Kukumbuka na kutambua ni mambo mawili. Mwambie mtoto ataje mito ya Tanzania, atakwama kwenye wa nne. Mpe orodha achague iliyo mito, atapata yote. DOS ilidai ukumbuke. Windows ikakuruhusu utambue. Kwa mtu wa miaka hamsini aliyeanza kushika kipanya kwa mkono unaotetemeka, hilo lilikuwa jambo kubwa, hata kama alitakiwa kubonyeza neno lenye maana ya "anza" ili aizime mashine.

Lakini kuna mtihani mwingine ambao watengenezaji hawaupendi. Wao hupima urahisi siku ya kwanza: mtu mgeni anaketi, anabofya, anatabasamu. Mimi naupima siku ya kukosea. Nilipostaafu nilianza kuandika habari za marehemu mama yangu, jinsi alivyovuna mpunga mashamba yakiwa yamejaa maji, na nyimbo alizoimba. Niliandika tangu saa mbili asubuhi mpaka karibu adhuhuri. Umeme ukakatika. Sikuwa nimehifadhi hata mara moja, kwa kuwa katika taipureta kilichoandikwa kimeandikwa. Nilikaa pale nikikitazama kioo kama mtu aliyezibwa mdomo. Baadaye niliandika upya, na ndiyo mnayoisoma katika kitabu hiki, lakini ile ya kwanza ilikuwa na sentensi moja juu ya mikono yake ambayo mpaka leo hainirudii.

Mjukuu wangu wa programu alinisahihisha hapa. Babu, alisema, kuhifadhi si kazi ya mfumo endeshi, ni kazi ya programu ya kuandikia. Huenda ndivyo. Abiria wa kivuko naye haulizi injini ni ya nani na kamba ni ya nani. Tangu hapo swali langu kwa kila mashine ni moja: nikikosea utanirudisha? Lile pipa la taka linalotunza ulichokifuta mpaka ulimwage mwenyewe, na ile amri ya kutengua ulichofanya sasa hivi, nayahesabu kuwa maendeleo makubwa kuliko rangi zote. Windows inayo, Ubuntu inayo. Katika hili niliwapa wajukuu alama sawa, hawakufurahi.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapa ndipo palipo na utamu na uchungu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili tupu na kugawiwa bure. Haukupita muda mrefu, Microsoft nao wakatoa maneno ya Kiswahili ya kuvisha Windows yao. Mimi nilishangilia. Nilikuwa nimewaona watu wazima, wenye akili timamu, wakikutana na kile kidirisha kinachouliza kama uhifadhi kazi yako kabla ya kufunga, na kwa kutoelewa Kiingereza wakabonyeza popote ili kiondoke. Mzee mmoja wa chama cha wakulima alipoteza kumbukumbu za mkutano mzima kwa njia hiyo. Alipoambiwa kwamba mashine ilimwuliza, alijibu kwamba haikumwuliza yeye.

Nikaiweka mashine yangu katika Kiswahili. Neno "hifadhi" nililipenda mno. Sisi tunaishi chini ya milima ya Udzungwa, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992, na hakuna mtu wa huku asiyejua kwamba kilichomo hifadhini hakiguswi hovyo. Hilo ni neno linalofundisha peke yake. Mengine yalikuwa mazito, yananuka meza ya kamati, na nadhani hayakuwahi kusomwa mbele ya mkulima yeyote kabla ya kupitishwa.

Siku mashine ilipogoma kuchapa niliibeba mpaka steshenari mjini. Kijana fundi alinipokea vizuri. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Akaifungua, akatazama, akakunja uso.

"Mwalimu, hii umeweka lugha gani?"

"Kiswahili, baba. Lugha yako."

"Sasa Settings iko wapi humu?"

Alihangaika robo saa, kisha akaniomba ruhusa airudishe katika Kiingereza, na baada ya hapo akaitengeneza kwa dakika mbili. Kijana yule hajui Kiingereza. Naapa, ukimsemesha sentensi tatu anakimbia. Ila vidole vyake vinajua neno fulani linakaa wapi na lina sura gani, kama mtoto anayesoma Korani au litania ya Kilatini bila kuijua maana. Niliondoka pale nimejifunza kitu ambacho sijakiona katika makala yoyote ya kulinganisha mifumo hii: sehemu kubwa ya urahisi wa mashine imo katika mji unaoitumia. Mfumo ulio rahisi ni ule ambao jirani yako anaujua.

Na hapo ndipo Ubuntu iliponishinda, ingawa moyo wangu uko kwake. Mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na jina lake ni dada wa neno letu "utu". Ilianza mwaka 2004, na mpaka mwaka 2011 walikuwa wakitumia watu sidii kwa posta bila malipo. Mjukuu wangu aliniwekea kwenye mashine ya mtumba ambayo Windows mpya ilikuwa imeikataa, ikafufuka. Vile virusi vilivyokuwa vikihama kwa flashi kutoka steshenari hadi steshenari, vikificha mafaili ya watu, vilitengenezewa Windows, kwa hiyo kwangu vilikuwa kama mbegu juu ya saruji. Kwa uaminifu na uvumilivu naipa alama za juu. Lakini ilipokwama, Ifakara nzima sikumpata wa kumwuliza. Nilimngoja mjukuu mpaka likizo.

Nilisema nitarudi kwenye kutobadilika. Windows XP ilitoka mwaka 2001, ikiwa na picha ya kilima cha kijani kinachofanana kabisa na vilima vyetu mwezi Machi, na mrithi wake hakufika mpaka 2007. Watu walijifunza, wakafundishana, wakazeeka nayo; wenyewe waliitunza hadi 2014. Kisha ikaja Windows 8 mwaka 2012, kile kitufe cha kuanzia kikaondolewa. Watu wakalalamika dunia nzima, mwaka uliofuata kikarudi. Mwaka 2021, Windows 11 ikakihamisha kutoka kona ya kushoto hadi katikati. Ukijua unaweza kukirudisha, lakini anayejua ni yupi? Mjukuu wa Ubuntu alikuwa akicheka mpaka nilipomkumbusha kwamba wao nao mwaka 2011 waliupindua uso wote wa mfumo wao, na mwaka 2017 wakatangaza kuuacha uso huo mpya. Nani aliwatuma?

Siuliza kwa mzaha. Nilikuwa na mwenzangu, mwalimu mwenye mwandiko wa ubaoni ambao wakaguzi waliusifia mbele ya wanafunzi. Alijifunza kompyuta kwa taabu akiwa na miaka hamsini na tano, usiku, baada ya kazi, akiandika kila hatua katika daftari. Siku moja alikuta mashine imewekewa mfumo mpya na daftari lake halilingani na kioo. Kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba wazee hawafundishiki. Mwenzangu alilifunga daftari taratibu, na mpaka anastaafu hakuketi tena mbele ya kompyuta. Kazi zake zote akawa anampa mtu amchapie. Aliyempindulia ubao hakumjua, wala hakukusudia. Lakini kila mtengenezaji anaposema kwamba ameboresha, mimi huliona daftari lile.

Nimemaliza kwa simu. Jirani yangu ni mama wa miaka themanini hivi, hajui Kiingereza na kusoma kwake ni kwa taabu. Anapiga *150*00#, yanamjia maneno ya Kiswahili yenye namba mbele yake, anabonyeza namba, anamtumia mwanawe fedha kwa M-Pesa. Huduma hiyo ilianza nchini mwaka 2008. Haina picha wala rangi, na ukichelewa kidogo inajifunga uanze upya, jambo ambalo ni kosa kubwa kwa watu wa umri wetu. Hata hivyo inauliza jambo moja kwa wakati mmoja, na ukikwama unaye binti wa kibanda cha wakala wa kumwuliza.

Niliwasomea wajukuu haya yote barazani. Wa uhasibu akauliza nani ameshinda. Nikawaambia simu ya bibi jirani ndiyo ya kwanza darasani, na wao wawili wamefungana. Walibisha mpaka usiku. Kitabu hiki nimekiandika kwa Ubuntu, kwa Kiswahili, nikihifadhi kila baada ya aya, na siku printa ilipogoma nilikipeleka steshenari kwa flashi, ambako yule kijana alikichapa kwa Windows yake ya Kiingereza.