Mpagazi na Beberu katika Picha za Fumbo

Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuchora katuni kabla mchoraji hajashika kalamu. Mkoloni aliitwa beberu, yaani mbuzi dume. Aliyeishi kwa jasho la wenziwe aliitwa mnyonyaji, na pengine kupe. Wachoraji wa magazeti ya Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hawakuwa na haja ya kubuni wanyama. Waliwakuta wamo katika lugha, na kwa hiyo picha zao zilifahamika hata kwa asiyejua kusoma.

Fumbo la namna hii si pambo tu. Mwaka 1958 Julius Nyerere alihukumiwa kulipa faini kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili. Maneno ya wazi yalikuwa na mashtaka yake. Lakini ni hakimu gani angemwita mbuzi kizimbani? Shaaban Robert naye, katika Kusadikika cha mwaka 1951, aliipeleka dhuluma kwenye nchi inayoelea angani, ambako mtawala wa ardhini hakuweza kudai kuwa ametajwa.

Basi beberu amechorwa vema. Je, mtawaliwa? Mara nyingi huonyeshwa ameinama, na mkubwa amempanda mgongoni. Picha hiyo ni kongwe: Wafaransa wa mwaka 1789 walimchora mkulima wao amewabeba kasisi na mwungwana. Huamsha huruma kwa haraka, na hapo ndipo ilipo kasoro yake, kwa kuwa anayehurumiwa haonekani kuwa na nia yake mwenyewe.

Picha hiyo ikifikishwa Isevya, mtaa wa Tabora, hukutana na historia inayoijua mizigo. Hapo Tabora ndipo misafara iliyotoka Bagamoyo ilipoachana, mingine ikishika njia ya Ujiji, mingine ya kaskazini. Watumwa walipita katika njia hiyo, wala hapana wa kulikana jambo hilo. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa waungwana waliobeba kwa ujira. Walibishania posho, na walipodhulumiwa waliweza kuutua mzigo na kwenda zao. Mtemi Isike naye, ngome yake ilipozidiwa na Wadachi mwaka 1893, aliwasha baruti kuliko kutekwa.

Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulikutana Tabora kuamua juu ya kura tatu, sharti lililomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Sharti lilikuwa chungu, na baadhi walikitoka chama kwa kulikataa. Wengi walikubali kuingia katika uchaguzi, wakashinda, na uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mchoraji wa mgongo ulioinama angeuchora uamuzi huo kuwa utumwa. Kumbe yuko anayeinama kwa kukandamizwa, na yuko anayeinama ili anyanyue.

Katuni ya ukombozi isipimwe kwa ubaya wa beberu peke yake. Ipimwe pia kwa mikono ya mpagazi: je, imeonyeshwa kuwa inaweza kuutua mzigo? Isipokuwa hivyo, beberu akiondoka, mgongo utabaki ukingoja mpandaji mwingine.